Nikifa nani atabaki naye? Funzo la nyumba kubwa za Uingereza kwa wenye ulemavu wa akili

Katika vipindi vyetu vya jamii kuna swali moja ambalo haliishi kurudi. Mzazi, mara nyingi mama, anapiga simu au anatuma ujumbe. Ana mtoto ambaye sasa ni mtu mzima, ana ulemavu wa akili, na hawezi kukaa peke yake bila mtu wa kumwangalia. Mzazi mwenyewe nguvu zinapungua. Anauliza: nikifa, nani atabaki naye?

Nyuma ya swali hilo hufuata la pili. Kwa nini serikali isijenge nyumba moja kubwa katika kila mkoa, watu hawa wakakusanywa humo, wakapata chakula, dawa na matunzo, na wazazi wakafa wakiwa na amani?

Ni swali la haki, na anayeuliza si mzazi mbaya. Ni mtu aliyechoka na anayempenda mwanawe. Tumeona njia nzuri ya kulijibu ni kueleza habari za nchi iliyofanya jambo hilo hilo. Uingereza ilijenga nyumba kubwa za namna hiyo, tena nyingi. Baadaye serikali yake ikaona ni kosa, na kwa zaidi ya miaka 50 imekuwa ikijaribu kulirekebisha. Mpaka leo kazi hiyo haijaisha.

Kwanza, tunamzungumzia nani

Mtu mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye tangu utotoni uwezo wake wa kuelewa, kujifunza na kufanya mambo ya kila siku ni mdogo kuliko wa wenzake. Wengine wanahitaji msaada kidogo tu, kwa mfano kuhesabu chenji au kusomewa barua. Wengine wanahitaji kulishwa, kuogeshwa na kuangaliwa usiku na mchana.

Hali hii si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi unatibika. Ulemavu wa akili si kitu cha kulazwa hospitali ili kitoke. Mtu anazaliwa nao au anaupata mapema, na anaishi nao. Anachohitaji ni mahali pa kuishi na watu wa kumsaidia. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu kosa la Uingereza lilianzia hapo: watu waliohitaji nyumba waliwekwa hospitali.

Nyumba kubwa zilivyoanza

Mwaka 1855 ilifunguliwa nyumba kubwa mahali panapoitwa Earlswood, katika jimbo la Surrey, kusini mwa London. Ilijengwa kwa michango ya watu, na wazo la mwanzo lilikuwa jema. Watoto wenye ulemavu wa akili wangefundishwa kazi na tabia njema, kisha warudi kwao.

Lakini waliorudi kwao ni wachache kuliko walioingia. Nyumba nyingine kama hiyo zikafuata, nyingi zikiwa mashambani, mbali na macho ya watu. Mwaka 1913 ikapitishwa sheria iliyoruhusu mtu aliyehesabiwa kuwa na upungufu wa akili achukuliwe na kuwekwa humo, na wengine walikaa miaka mingi bila kutoka. Hata wasichana maskini waliozaa nje ya ndoa waliweza kuchukuliwa kwa sheria hiyo. Hapo nia ilikuwa imegeuka. Nyumba iliyoanza kwa ajili ya kumsaidia mtu sasa ilitumika kumwondoa mbele ya wengine.

Mwaka 1948 Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa, nyumba hizo zikawekwa chini ya huduma hiyo na kuitwa hospitali. Jina lilibadilika, lakini maisha ya ndani yalibaki yale yale kwa wengi. Vitanda vilipangwa kwa safu katika ukumbi mmoja. Watu walioga kwa zamu na kuvaa nguo za pamoja. Kuna walioingia wakiwa watoto wakazeekea humo humo.

Habari za Ely

Mwaka 1967 mfanyakazi wa hospitali ya Ely, mjini Cardiff katika nchi ya Wales, alipeleka malalamiko kwenye gazeti moja la London. Alisema wagonjwa wanapigwa, chakula na nguo zao zinaibwa, na wakubwa wanajua lakini hawachukui hatua.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa mwanasheria Geoffrey Howe, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuwa waziri wa fedha na wa mambo ya nje. Ripoti ilitolewa mwaka 1969 na ikathibitisha mengi ya malalamiko yale.

Tume haikuona tu watu wachache wenye roho mbaya. Iliona pia wodi zilizojaa kupita kiasi, wauguzi wachache wasiofundishwa kazi hiyo, na hospitali iliyotengwa na jamii kiasi kwamba hakuna mtu wa nje aliyekuwa akiingia kuona kinachoendelea. Mtu akipigwa, hakuwa na jirani wa kusikia kilio chake.

Sera ikageuka

Miaka miwili baada ya ripoti hiyo, yaani 1971, serikali ilitoa sera mpya. Wakati huo England na Wales kwa pamoja zilikuwa na watu wazima zaidi ya 50,000 wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi hospitalini. Sera ilisema idadi hiyo ipunguzwe karibu nusu katika muda wa miaka 20, na halmashauri ziandae mahali pa kuishi ndani ya jamii.

Mwaka 1983 Wales ikatoa mkakati wake uliosimama juu ya mambo matatu: mtu mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kuishi maisha ya kawaida katika jamii, ana haki ya kutazamwa kama yeye mwenyewe na si kama mmoja wa kundi, na ana haki ya kupata msaada wa ziada anaouhitaji.

Mwaka 1990 ilipitishwa sheria iliyozipa halmashauri jukumu la kumpima kila mtu mahitaji yake na kupanga huduma za kumwezesha kuishi katika jamii. Mwaka 2001 England ilitoa sera nyingine, Valuing People, iliyoweka nguzo nne: haki, kujitegemea, kuchagua na kushirikishwa. Iliahidi pia kwamba watu waliobaki katika hospitali zile za zamani wangehamishwa wote kufikia Aprili 2004.

Tarehe hiyo ilipita ahadi ikiwa haijatimia. Hospitali ya mwisho ya aina hiyo huko England, Orchard Hill ya kusini mwa London, ilifungwa mwaka 2009. Ile ya Earlswood ilikuwa imefungwa mwaka 1997, na majengo yake yakageuzwa kuwa makazi ya watu wa kawaida.

Nyumba ya kawaida inafanyaje kazi

Msikilizaji anaweza kuuliza: wakatoka hospitali, wakaenda wapi? Kuna njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni nyumba ya matunzo. Watu wachache wanaishi pamoja, na mwenye nyumba ndiye huyo huyo anayetoa chakula na wahudumu. Ni ndogo kuliko hospitali, lakini mkaaji akigombana na wahudumu hana pa kwenda, kwa sababu kulala na kuhudumiwa vyote viko mikononi mwa mtu mmoja.

Ya pili ni kuishi kwako kwa kusaidiwa. Hapa mtu anapanga nyumba au chumba kama mpangaji mwingine yeyote. Ana mkataba wake na ufunguo wake. Kodi ya nyumba mara nyingi hulipwa kwa msaada wa serikali. Wahudumu wanatoka shirika jingine, na gharama yao hulipwa na halmashauri kulingana na mahitaji yake. Mmoja anatembelewa saa chache kwa wiki kusaidiwa kupika na kulipa bili, na mwingine ana mtu wa kulala naye nyumbani kila siku. Wahudumu wakiwa wabaya wanabadilishwa, na mtu anabaki nyumbani kwake.

Ya tatu itasikika kama ya kwetu. Familia inajitolea kumpokea mtu mwenye ulemavu aishi nao kama mmoja wa nyumba. Familia hiyo inachunguzwa kwanza, inafundishwa, inalipwa, na afisa anaitembelea kuona hali. Huko England hairuhusiwi kupokea zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja.

Watafiti waliowafuatilia watu waliohama kutoka hospitali waliona kwamba kwa jumla maisha yao yalikuwa bora: walichagua mambo yao zaidi, walitoka nje zaidi na walijifunza kazi za nyumbani ambazo hospitalini hawakuruhusiwa hata kuzigusa. Lakini waliona pia kwamba udogo wa nyumba peke yake hautoshi. Mtu anaweza kukaa katika nyumba nzuri ya vyumba vitatu na bado akawa mpweke, kama wahudumu wanamfanyia kila kitu na majirani hawamjui hata jina.

Ahadi zilizopitwa na tarehe

Hospitali za zamani zilipofungwa, wengi walidhani kazi imekwisha. Mwezi Mei 2011 televisheni ya BBC ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri katika Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na mji wa Bristol. Wahudumu walionekana wakiwapiga, kuwaburuta na kuwamwagia maji watu wenye ulemavu wa akili. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani, na 6 kati yao wakafungwa jela.

Hospitali hiyo ilikuwa na vitanda 24 tu. Kwa wastani kila mtu alilipiwa na serikali pauni 3,500 kwa wiki, ambazo kwa viwango vya siku hizi ni zaidi ya shilingi milioni 10 za Tanzania. Kwa hiyo pesa zilikuwepo. Pesa zile zilikuwa zikilipia mlango uliofungwa.

Mwaka 2012 serikali iliahidi kwamba kila aliyewekwa hospitali bila sababu ya matibabu angetoka kabla ya Juni 2014. Haikutimia. Mwaka 2015 ukatoka mpango mwingine wa kupunguza vitanda hivyo kwa kati ya theluthi na nusu kufikia Machi 2019. Lengo la kupunguza nusu likasogezwa mpaka Machi 2024, nalo halikufikiwa. Mwaka 2015 watu wenye ulemavu wa akili na wenye usonji waliokuwa katika hospitali hizo walikuwa karibu 2,900. Miaka tisa baadaye walikuwa bado karibu 2,000.

Kwa nini imekuwa vigumu

Sababu ya kwanza ni mfuko wa pesa. Mtu akiwa hospitali gharama inalipwa na huduma ya afya ya taifa. Akitoka kwenda kuishi katika jamii, sehemu kubwa ya mzigo inahamia kwa halmashauri. Halmashauri yenye upungufu wa fedha haina haraka ya kumpokea.

Sababu ya pili ni kwamba ili ufunge nyumba ya zamani lazima uwe umekwisha kuandaa mpya. Kwa muda fulani unalipia zote mbili. Serikali nyingi hupenda kutangaza kufunga, lakini hazipendi kulipia mara mbili.

Sababu ya tatu ni watu wa kufanya kazi hiyo. Kumsaidia mtu nyumbani kwake kunahitaji subira na ujuzi, na mshahara wake Uingereza ni mdogo. Wahudumu huja na kuondoka, na kila mpya anapaswa kujifunza upya kwamba huyu hapendi kelele na yule hali samaki.

Kwa hiyo tunaloliona katika habari hii ni kwamba kufungua nyumba kubwa ni rahisi, jengo linaonekana na utepe unakatwa. Kuifunga baada ya kugundua kosa kunachukua maisha ya vizazi viwili.

Kwetu sheria inasema nini

Tanzania na Uingereza zote ziliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kenya iliridhia mwaka 2008. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine ya kuchagua aishi wapi na nani, asilazimishwe kuishi mahali fulani, na apate huduma za kumsaidia kuishi ndani ya jamii.

Baada ya hapo Tanzania ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuishi kama sehemu ya jamii. Inawapa ndugu wajibu wa kumsaidia, na inaitaka halmashauri kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu walio katika eneo lake. Inaagiza pia ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa.

Kwa maandishi, basi, tuko upande ule ambao Uingereza iliufikia kwa kuumia. Hatukujenga nyumba kubwa nyingi. Makazi machache ya serikali yaliyopo ni hasa ya wazee wasio na ndugu. Watu wetu wenye ulemavu wa akili, walio wengi, wako nyumbani.

Lakini tusijisifu mapema. Kuwa nyumbani siyo lazima kuwa katika jamii. Tunajua kuna wanaofungiwa chumba cha uani mgeni akija. Kuna wanaofungwa kamba mama anapokwenda shamba, si kwa ukatili bali kwa kukosa wa kumwachia. Mtu huyo naye yuko nyuma ya mlango uliofungwa, na kama pale Ely, hakuna wa nje anayeingia kuona. Tofauti ni kwamba anayefunga mlango ni mama aliyeachiwa mzigo peke yake.

Ndiyo maana sheria ikisema ndugu wana wajibu, haina maana serikali inyooshe miguu. Mikopo ya asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu inasaidia biashara, lakini haimlipi mtu wa kukaa na kijana siku mbili kwa wiki ili mama apumzike au aende kliniki. Huduma ya namna hiyo ndiyo ya kuidai kwa diwani na kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya kudai jengo.

Mambo ya kufanya ungali hai

Kwa mzazi aliyetuuliza swali, haya ndiyo tunayoweza kumwambia leo.

Mwanao ajulikane. Hakikisha ana cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, na kwamba mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wanalo jina lake. Ulizia kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji chako. Kama haipo, uliza kwa nini haipo.

Itisha kikao cha ukoo sasa, usingoje msiba. Itajwe wazi nani ataishi naye, nani atasaidia chakula, na sehemu gani ya shamba au nyumba ni yake. Msiteue mtu mmoja tu, wawe wawili au watatu. Yaandikwe katika wosia wenye mashahidi.

Mpeleke akalale kwa huyo ndugu mara chache kila mwaka wewe ukiwepo. Ni vigumu kuzoea nyumba mpya katika wiki ile ile ya kumzika mama.

Mfundishe kidogo kidogo: kuchota maji, kufua, kufika dukani na kurudi, kutaja jina lake na la kijiji chake. Mpeleke kanisani, msikitini, sokoni na mnadani. Kila anayemjua ni jicho moja zaidi la kumlinda.

Na siku ukiambiwa kuna kituo cha kumpeleka, uliza kabla ya kukubali. Je, kimesajiliwa? Ndugu wanaruhusiwa kuja bila kutoa taarifa? Wanalala wangapi chumba kimoja? Wanatoka nje ya geti, wanaenda wapi? Pesa zao nani anazishika? Na yeye mwenyewe, kwa namna anavyoweza kueleza, anataka kukaa hapo? Kituo kizuri hakitachukia maswali hayo.

Nasi tutayapeleka maswali haya kwa maofisa wa halmashauri katika kipindi kijacho cha jamii. Kama una mtu mwenye ulemavu wa akili nyumbani, au wewe mwenyewe ni mmoja wao, tutumie ujumbe kwa namba zetu za kawaida utueleze mnaishije na mnakwama wapi. Tutayasoma hewani bila kutaja jina.